Rangi ya Kahawia Ubongoni: Kingamwili na Vipokezi vya Homoni ya Msongo

Kortisoli, homoni ambayo mwili huimwaga damuni mtu anaposhtuka, anapofiwa au anapoishi na hofu siku nyingi, haifanyi lolote mpaka ipate kipokezi. Kipokezi ni protini iliyo ndani ya seli, yenye mfuko unaolingana na umbo la homoni hiyo. Damu hupeleka kortisoli ileile kwenye ini, kwenye msuli na kwenye ubongo. Seli ipi iitikie, na iitikie kwa nguvu gani, ni juu ya vipokezi vilivyomo. Kwa hiyo kupima kortisoli ya damu au ya mate peke yake hakuelezi kwa nini watu wawili waliopitia balaa moja, mmoja hulala usingizi na mwenzake hukesha na mawazo. Sehemu ya jibu imo kwenye vipokezi vya ubongo, na hivyo havionekani kwa hadubini tupu wala kwa kipimo cha damu. Huonekana kwa msaada wa kingamwili.

Kingamwili si kitu kigeni Pajulu, Uganda. Katika kituo cha afya upande huo wa Jiji la Arua, mtoto mwenye homa hutobolewa kidole, tone la damu huwekwa kwenye kijisanduku cheupe cha plastiki, na baada ya kama robo saa mhudumu husoma mistari. Mstari wa C lazima utokee. Wa T ukitokea pia, malaria ipo. Ndani ya kijisanduku mna utepe uliopakwa kingamwili zilizotengenezwa kwa seli za panya, na kazi yake ni kunasa HRP2, protini inayotolewa na kimelea Plasmodium falciparum. Nyingine zimebebeshwa chembe ndogo mno za dhahabu, na chembe hizo ndizo zinazotoa ule wekundu. Mambo ni matatu: protini inayotafutwa, kingamwili inayoinasa, na rangi inayoonyesha imenaswa wapi. Mtafiti wa ubongo hufanya kazi kwa mambo hayohayo matatu, ila badala ya utepe ana kipande cha ubongo kilichokatwa chembamba kuliko unywele, na anachotafuta ni kipokezi cha kortisoli. Lakini kipande hicho hakina mstari wa C uliochapishwa kiwandani. Upungufu huo ndio chanzo cha taabu nyingi zitakazoelezwa hapa.

Safari ya kortisoli huanzia ubongoni na kurudi ubongoni. Haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini katikati ya ubongo, hutoa homoni iitwayo CRH. Hiyo huiambia tezi ya pituitari itoe ACTH. ACTH husafiri kwa damu hadi kwenye tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia, nazo humwaga kortisoli. Kuitambua CRH kulikuwa kazi ya kuchosha. Wylie Vale na wenzake wa Taasisi ya Salk, California, walipoitangaza mwaka 1981 walikuwa wametumia haipothalamasi za kondoo wapatao 490,000, idadi ambayo mnada wowote wa mifugo wa Afrika Mashariki hauwezi kuiota. Kortisoli ikishapanda hurudi kichwani kuzima kengele iliyoiita: vipokezi vya haipothalamasi na vya hipokampasi, sehemu inayohusika sana na kumbukumbu, huinasa, na amri ya kuitoa hupungua. Vipokezi vikiwa vichache au vimelegea, breki hiyo haishiki sawasawa.

Dalili ya kwanza kwamba ubongo una mahali pa kuipokelea homoni hii ilitoka New York. Mwaka 1968 Bruce McEwen wa Chuo Kikuu cha Rockefeller na wenzake waliwadunga panya, walioondolewa tezi za adrenali, homoni yenye mnururisho, kisha wakatazama imeganda wapi. Ilikuwa imejaa kwenye hipokampasi. Mwaka 1985 Waholanzi wawili, Hans Reul na Ron de Kloet, walionyesha kwamba vipokezi ni vya aina mbili. Kimoja huitwa MR, na huishika homoni kwa nguvu kama mara kumi ya mwenzake, hata mtu akiwa ametulia kinakuwa kimeshajaa karibu chote. Cha pili huitwa GR. Hiki hujaa homoni inapopanda, yaani alfajiri mwili unapojiandaa kuamka, au wakati wa mshtuko. Mwaka huohuo maabara ya Ronald Evans, hapohapo Salk, ilisoma jeni ya GR ya binadamu, na mwaka 1987 ikasoma ya MR.

Njia ya mnururisho ilikuwa na kasoro. Ilihesabu vipokezi vitupu tu, kwa kuwa kilichokwisha kushika homoni ya mwili hakina nafasi ya kushika nyingine. Ndiyo sababu panya walilazimika kuondolewa tezi kwanza, na hapo anayechunguzwa ni mnyama asiyeweza tena kupata msongo wa kawaida. Kingamwili haijali kama kipokezi kimejaa au ni kitupu. Hushika mwili wa protini yenyewe, kama mtu anayemshika mwenzake bega bila kuangalia mkononi ana nini.

Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya kitu chochote unachokiona kigeni. Watafiti humdunga sungura au mbuzi kipande cha kipokezi, humsubiri wiki kadhaa, kisha humtoa damu. Katika damu hiyo mna mchanganyiko wa kingamwili nyingi, kila moja ikishika kona yake ya protini. Zinafaa, lakini sungura ni mmoja. Akifa, kingamwili hizo zimekwisha, na wa pili hatatoa mchanganyiko uleule hata akidungwa kitu kilekile. Wako watafiti waliokwama katikati ya kazi ya miaka kwa sababu hiyo tu.

Njia ya kuondokana na utegemezi huo ilipatikana Cambridge, Uingereza, mwaka 1975. Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili moja na seli ya saratani, ambayo huzaana bila kikomo. Kilichotokea ni ukoo wa seli unaotoa kingamwili ileile daima. Hugandishwa kwenye naitrojeni ya maji na kuamshwa unapohitajika. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984, wakigawana na Niels Jerne. Ugunduzi wenyewe haukuwekewa hataza, na hakuna shaka kwamba jambo hilo lilisaidia ufike haraka kila mahali, hata kwenye kipimo cha malaria cha Pajulu.

Kwa upande wa msongo, mwaka 1984 Bahiru Gametchu na Robert Harrison walitoa maelezo ya kingamwili ya namna hiyo dhidi ya GR ya ini la panya, iliyojulikana kwa jina BuGR, na ikatumika katika maabara nyingi. Stockholm nako kundi la Jan-Åke Gustafsson lilitengeneza za kwake, na mwaka 1985 Kjell Fuxe na wenzake wakazitumia kuchora ramani ya GR katika ubongo wa panya. GR ilionekana katika sehemu nyingi, ikiwa imejazana kwenye haipothalamasi na kwenye baadhi ya mitaa ya hipokampasi, hasa CA1, na ikiwa hafifu kwenye CA3. Kingamwili nzuri za MR zilichelewa. Mkusanyiko wa kuaminika wa kingamwili za ukoo mmoja dhidi yake ulitangazwa mwaka 2006 na Celso Gomez-Sanchez, Elise Gomez-Sanchez na wenzao huko Mississippi, Marekani, zaidi ya miaka ishirini baada ya BuGR.

Ugumu mmoja ulikuwa undugu. GR ya binadamu ni mnyororo wa asidi amino 777, MR ni wa 984, na zote mbili zimetoka kwa babu mmoja. Sehemu ya katikati inayoshika DNA inafanana kwa asilimia 94 hivi. Sehemu ya nyuma, yenye mfuko wa homoni, inafanana kwa zaidi kidogo ya nusu. Sehemu ya mbele ndiyo iliyoachana sana, kufanana kwake hakufiki asilimia 15. Anayetaka kingamwili ya kutofautisha ndugu hawa hana budi kuchagua kipande cha mbele. Akichagua cha katikati, kingamwili yake itawashika wote wawili na yeye atadhani ameona mmoja.

West Nile, eneo ambamo Arua imo, ina kisa chake cha undugu wa namna hii, na ni cha zamani kuliko ugunduzi wa vipokezi. Mwaka 1937 watafiti wa taasisi ya homa ya manjano ya Entebbe, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, walichukua damu ya mwanamke mwenye homa huko Omogo, katika wilaya ya West Nile ya wakati huo. Walipoiingiza kwenye ubongo wa panya walipata kirusi kipya, nacho kikaitwa kwa jina la wilaya. Katika ripoti ya mwaka 1940, Kenneth Smithburn na wenzake walieleza kwamba kirusi hicho kina uhusiano wa kikinga na virusi vya homa ya ubongo vya Saint Louis na vya Japani: kingamwili za kimoja ziligusa kingine. Mpaka leo maabara inayopima kingamwili za kirusi cha West Nile lazima ihakikishe haijanasa za dengi, za homa ya manjano au za chanjo yake. Kati ya MR na GR tatizo ni hilohilo, ila limehamia ndani ya seli.

Kipande cha ubongo hupita hatua nyingi kabla ya kuonekana lolote. Ubongo hutiwa kwenye fomalini ili usioze. Fomalini hufunga protini pamoja, kama nyuzi zilizobanwa kwa gundi. Kisha hukaushwa maji, hutiwa nta, na hukatwa kwa mashine yenye kisu kikali sana, kila kipande unene wa mikromita 5 hivi, yaani chembamba kuliko unywele zaidi ya mara kumi. Vipande huelea juu ya maji ya uvuguvugu kama utando wa maziwa, na fundi huviokota kimoja kimoja kwa kioo. Kwa kuwa fomalini imeficha kona ambazo kingamwili ingeshika, vioo huchemshwa kwenye maji yenye chumvi ya sitrati mpaka kona hizo zifunuke. Kuchemsha kidogo mno hakufunui. Kuchemsha kupita kiasi hubandua kipande na kukiacha kikielea kwenye chombo, kazi ya siku tatu ikapotea.

Hapo kingamwili ya kwanza, tuseme ya sungura dhidi ya GR, hudondoshwa juu ya kipande na kuachwa usiku kucha kwenye baridi. Asubuhi huoshwa, ikadondoshwa ya pili, ya mbuzi, inayoshika kingamwili yoyote ya sungura. Hii ya pili imebeba kimeng'enya kilichotolewa kwenye mzizi mkali wa Ulaya unaoliwa kama kiungo. Mwisho huwekwa kemikali iitwayo DAB, ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kuwa tope la kahawia lisiloyeyuka. Wengine hutumia rangi zinazong'aa chini ya mwanga maalumu, njia iliyoanzishwa na Albert Coons huko Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1940. DAB ina faida ya kudumu: kioo kilichopakwa vizuri kinasomeka miaka mingi baadaye. Chini ya hadubini, viini vya seli zenye GR huonekana vya kahawia, rangi ya jani la tumbaku lililokaushwa Arua, na seli zisizo nayo hubaki na bluu hafifu ya rangi ya nyuma.

Rangi hiyo huonyesha zaidi ya kuwapo kwa kipokezi. GR isiyo na homoni hukaa nje ya kiini, ikiwa imeshikiliwa na protini nyingine zinazoitunza iwe tayari. Kortisoli ikiingia, GR huachiliwa, huingia kwenye kiini na kushika DNA, ikawasha jeni nyingine na kuzima nyingine. Hivyo katika panya aliyeondolewa tezi za adrenali ukahawia husambaa seli nzima, lakini katika aliyetoka kwenye msongo hukusanyika ndani ya kiini. Saa nazo zina neno. Homoni hii haitoki kama maji ya bomba. Katika panya hutoka kwa mawimbi, karibu wimbi moja kila saa, na vipokezi huingia na kutoka kwenye kazi yake kwa kufuata mawimbi hayo. Wanyama waliochukuliwa asubuhi wakilinganishwa na waliochukuliwa jioni, mtafiti anaweza kutangaza athari ya msongo kumbe ameona tofauti ya saa. Hata namna mnyama alivyoshikwa dakika chache kabla hubadili picha.

Hapa turudi kwenye mstari wa C. Katika kipimo cha malaria mstari huo huthibitisha kwamba kingamwili ni nzima na damu imepita. Hauthibitishi kwamba jibu la T ni la kweli. Protini ya HRP2 hubaki damuni wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, mtoto aliyepona akaonekana bado mgonjwa. Na kuna vimelea, vilivyosumbua sana Eritrea, ambavyo vimepoteza jeni ya HRP2, mgonjwa akaambiwa ni mzima. Kingamwili haidanganyi kwa makusudi, ila hujibu swali tofauti na lile lililoulizwa.

Kwenye ubongo mtafiti lazima ajitengenezee uthibitisho. La kwanza na rahisi ni kupaka kipande kingine kila kitu isipokuwa kingamwili ya kwanza; ukahawia ukitokea hapo, umetoka kwingine. Zamani wengi walitosheka na kuichanganya kingamwili kwanza na kipande cha protini iliyotengenezewa, wakaona rangi imepotea, wakasema imethibitika. Jaribio hilo ni dhaifu. Linaonyesha kwamba kingamwili inakijua kipande hicho, lakini halisemi imeshika nini kingine ndani ya ubongo. Mwaka 2003 Clifford Saper na Paul Sawchenko walilikemea jambo hili waziwazi katika jarida la anatomia ya neva, na tangu hapo majarida mazito yamekuwa yakidai ushahidi bora.

Ushahidi mzito zaidi ni mnyama asiye na kipokezi kabisa. Kingamwili ikipaka rangi ubongo wa panya asiye na jeni ya GR, imeumbuka. Kumpata panya huyo kulikuwa na mtihani wake, maana asiye na GR mwili mzima hufa punde baada ya kuzaliwa kwa kuwa mapafu yake hayajakomaa. Mwaka 1999 kundi la Günther Schütz, Heidelberg, Ujerumani, lilifaulu kuiondoa jeni hiyo kwenye mfumo wa neva peke yake, panya wakaishi. Panya wa awali walikuwa wameacha fundisho lingine. Jeni yao ilikatwa sehemu ya mbele tu, na kipande cha nyuma cha kipokezi kikaendelea kutengenezwa. Kingamwili ya sehemu ya mbele ilisema hakuna kitu. Ya sehemu ya nyuma ingesema kipo. Zote mbili zilikuwa sahihi.

GR na MR, pamoja na taabu zake, ni kundi lenye bahati. Vipokezi vya CRH, vinavyokaa kwenye ngozi ya seli na kupitapita ndani na nje yake, ni vigumu zaidi: ni vichache kwa kila seli, na sehemu zake zilizo wazi ni fupi. Mwaka 2009 Martin Michel na wenzake waliandika kuhusu jamii hiyo nzima ya vipokezi na kuonyesha kwamba kingamwili nyingi zinazouzwa kwa ajili yake haziaminiki. Kwa CRH wengi sasa hutumia panya ambao jeni ya kipokezi imeunganishwa na protini inayong'aa, wakaiacha kingamwili ya kipokezi kando. Binamu mwingine wa GR, kipokezi beta cha estrojeni, kilileta aibu kubwa: mwaka 2017 watafiti wa Sweden walijaribu kingamwili 13 zilizokuwa zikitumika, na moja tu ndiyo iliyokuwa ikikishika chenyewe. Mwaka 2023 mradi wa YCharOS ulitoa matokeo ya kupima kingamwili 614 dhidi ya protini 65, ukakuta kwamba kwa wastani kila protini ina makala kama 12 zilizochapishwa kwa kutumia kingamwili isiyoitambua protini hiyo. Fedha iliyoliwa hapo ni nyingi, na mengi yaliyoandikwa juu ya ubongo inabidi yasomwe kwa jicho la pili.

Ubongo wa binadamu huongeza matatizo yake. Panya huchukuliwa kwa dakika. Binadamu hufa hospitali au nyumbani, na saa kadhaa hupita kabla tishu haijaingia kwenye fomalini, huku protini zikivunjika. Mtu aliyekufa kwa ugonjwa mrefu amekufa na kortisoli juu, ndiyo kusema vipokezi vyake vinaonyesha siku zake za mwisho kuliko maisha yake. Seli za neva za wazee zina chembe za manjano za uchakavu ambazo hung'aa zenyewe chini ya hadubini, na mgeni wa kazi huzidhania kuwa rangi ya kingamwili.

Kwamba tishu ya ubongo kutoka kaskazini mwa Uganda inaweza kusomwa kwa kingamwili, hilo limeshafanyika. Ugonjwa wa kutikisa kichwa, ulioshambulia watoto wa Waacholi, ulikuwa fumbo kwa miaka. Mwaka 2018 Michael Pollanen wa Toronto na wenzake, wakiwemo Waganda, walieleza walichokiona katika ubongo wa vijana watano wa umri wa miaka 13 hadi 18 waliofariki kwa ugonjwa huo. Kingamwili dhidi ya protini ya tau zilifichua mafundo ndani ya seli za neva, alama ambayo kwa kawaida hutarajiwa kwa wazee. Mafundo hayo yalionekana kwa sababu familia zilikubali ubongo wa watoto wao uchunguzwe, jambo ambalo kwa mila za huku si dogo.

Upande wa msongo, West Nile imeulizwa maswali mengi kuliko ilivyochunguzwa tishu. Wenyeji wake wengi walikimbilia Zaire na Sudan baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979. Waliporudi, wakapokea wakimbizi wa Sudan, na tangu 2016 wimbi jingine kutoka Sudan Kusini likajaza Bidibidi, Rhino Camp na Imvepi. Mwaka 2004 Frank Neuner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walichapisha matokeo ya mahojiano na watu 3,339 wa eneo hilo, Waganda na Wasudan. Kadiri mtu alivyopitia matukio mengi ya kutisha, ndivyo dalili za kiwewe zilivyozidi. Kati ya waliohojiwa, 58 waliopitia mengi kuliko wote walikuwa na kiwewe, wote pasipo kubaki hata mmoja. Matokeo hayo yanatia shaka dhana kwamba wapo watu wa chuma wasiovunjika: mzigo ukizidi kiasi, huenda mtu yeyote akaanguka.

Watafiti wengine katika kanda hii wameisogelea GR yenyewe, ila kwa kupitia jeni yake, NR3C1. Mwaka 2012 Connie Mulligan na wenzake waliripoti juu ya akina mama 25 na watoto wao wachanga huko Goma, mashariki mwa Kongo: kadiri mama alivyokuwa na msongo mkubwa wakati wa mimba, ndivyo vibandiko vya kemikali vilivyoongezeka kwenye jeni hiyo ya mtoto, na uzito wa kuzaliwa ukapungua. Mwaka 2014 Vanja Vukojevic na wenzake waliichunguza jeni hiyohiyo kwa manusura wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kwa wanaume, vibandiko vingi mahali fulani pa jeni viliambatana na kumbukumbu chache zinazowavamia na hatari ndogo ya kiwewe. Kwa wanawake uhusiano huo haukuonekana. Matokeo haya mawili hayaelekei upande mmoja, na anayesema vibandiko ni vibaya au ni vizuri amekwenda haraka kuliko ushahidi.

Jeni iliyosomwa kwenye damu ya kitovu au kwenye mate si kipokezi kilichopo kwenye hipokampasi. Kibandiko kinaweza kupunguza kazi ya jeni katika seli za damu na kisifanye hivyo kwenye seli za neva. Kujua GR ni ngapi, ziko kwenye seli zipi za ubongo, na ziko ndani ya kiini au nje, kunahitaji tishu yenyewe na kingamwili iliyopimwa mbele ya ubongo usio na kipokezi hicho. Kwa sehemu kubwa ramani iliyopo sasa ni ya panya, ikiongezewa ubongo uliohifadhiwa katika hazina za Ulaya na Amerika Kaskazini. Msomaji atakayekutana na habari kwamba wanasayansi "wameona" vipokezi vya msongo ubongoni aulize mambo mawili: ubongo huo ulikuwa wa nani, na kingamwili iliyotumika ilithibitishwa vipi.